Somo la Wiki: Wabebaji Wanne wa Ndugu Aliye Kijijini

Andiko la kusoma: Marko 2:1–12

Lengo: Kujua jinsi ya kumsaidia ndugu aliyefungwa na ulevi au ugonjwa wa akili, akiwa kijijini na sisi tukiwa huku.



Wengi wetu hapa Doha tuna ndugu ambaye jina lake hatulitaji kwenye maombi. Tunasema tu, "Niombeeni, kuna hitaji la familia." Huenda ni kaka anayeanza gongo au chang'aa asubuhi. Huenda ni mdogo wetu aliyeacha masomo na sasa halali, anaongea peke yake usiku. Hospitali kubwa iko mbali naye, na sisi tuko mbali zaidi. Simu ya nyumbani ikiita usiku, tunaogopa kuipokea.

Katika Marko sura ya 2 kuna mtu aliyepooza huko Kapernaumu. Hakuna aliyemwambia ajikaze atembee. Watu wanne walimbeba, na walipokuta mlango umejaa watu, walipanda juu wakatoboa dari na kumshusha. Yesu aliitazama imani ya wabebaji hao. Kila mmoja alishika pembe yake ya godoro. Kwa ndugu yetu pia tunahitaji wanne.

Pembe ya kwanza: mtu mmoja wa nyumbani

Wote wakihusika bila mpango, hakuna anayekwenda naye hospitali. Kubalianeni kwenye simu nani atafuatilia, na si lazima awe mama ambaye tayari amechoka. Aandike kwenye daftari: hali ilianza lini, anatumia nini na kwa kiasi gani, amekosa usingizi siku ngapi, kama anasikia sauti, kama ametaja kufa. Hayo ndiyo mhudumu wa afya atakayouliza.

Akitaja kufa, asiachwe peke yake. Dawa za kuulia wadudu shambani ziondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Pembe ya pili: mhudumu wa afya

Wengi hudhani lazima kuanzia Mirembe kule Dodoma au Mathari jijini Nairobi. Sivyo. Anzeni zahanati au kituo cha afya cha karibu. Shirika la Afya Duniani lina mpango, ulioanzishwa mwaka 2008, wa kuwafundisha wahudumu wa kawaida kutibu magonjwa ya akili na ulevi, kwa sababu madaktari bingwa ni wachache. Kama hapo hakuna dawa, ombeni barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya, au hospitali ya kaunti kwa walio Kenya.

Simu za bure zipo. Kenya, NACADA hupokea kwa namba 1192. Tanzania, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupokea kwa namba 119. Namba fupi kama hizi hupigwa kutoka ndani ya nchi, kwa hiyo aliye nyumbani ndiye apige.

Mambo matatu ya kuzingatia:

1. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asifungiwe ndani ili aache ghafla. Katika siku chache za kwanza anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, kupata degedege, hata kufa. Aache chini ya uangalizi wa hospitali.

2. Anayetumia heroini anaweza kutibiwa kwa methadoni. Tanzania ilianza huduma hiyo Muhimbili mwaka 2011, na Kenya ipo pia Mathari na Malindi. Kwa kawaida dozi hunywewa kliniki kila siku, kwa hiyo aliye kijijini huenda akahitaji kukaa kwa ndugu wa mjini.

3. Dawa za ugonjwa wa akili zisiachwe kwa sababu tu amepata nafuu. Kama vidonge vinasahaulika, ulizeni kuhusu sindano ya kila mwezi.

Pembe ya tatu: kanisa la kijijini

Maombi na dawa havigombani. Mchungaji anaweza kumwombea mgonjwa na kumsindikiza kliniki siku hiyo hiyo. Lisilofaa ni kumfunga kamba au kumwambia atupe vidonge ili aoneshe imani.

Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Dkt. Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Utafiti ulionesha kwamba waliosikilizwa walipata nafuu. Umoja wa akina mama wa kanisa lolote la kijijini unao watu wa namna hiyo. Wanahitaji kufundishwa, na kuweka siri.

Pembe ya nne: sisi tulio Doha

Kwanza, fedha. Pesa ikiingia kwenye simu ya mtu aliyefungwa na pombe, itanunua pombe. Lipa hospitali moja kwa moja inapowezekana, au mtumie nauli na pesa ya dawa yule mwenye daftari.

Pili, maneno. Tuache kumwita "mlevi" au "kichaa" kwenye kundi la familia. Mpigie siku ya kawaida, si siku aliyovunja mlango tu. Akirudia pombe baada ya matibabu, arudishwe kliniki; wengi hurudia kabla ya kusimama imara.

Tatu, sisi wenyewe. Wapo kati yetu wanaolia chumbani baada ya zamu, na wapo waliorudi kwenye chupa kwa siri. Qatar ina simu ya msaada wa afya ya akili ya Hamad, namba 16000, iliyoanza mwaka 2020. Kwa hatari ya ghafla piga 999. Kama kupiga peke yako ni kugumu, mwombe mzee wa kanisa au dada unayemwamini akae nawe unapopiga.

Maswali ya kujadili

1. Katika familia yako, ni pembe ipi ambayo haijashikwa na mtu?
2. Ni maneno gani tunayatumia yanayomfanya mgonjwa ajifiche?
3. Wiki hii utampigia nani, na utamwomba afanye jambo gani moja?

Sala

Ee Bwana, tunakuletea ndugu zetu ambao majina yao tumeyaficha. Tupe ujasiri wa kuyataja, hekima ya kutafuta tiba, na mikono isiyochoka kubeba. Amina.