Staftahi ya Jumapili Iandaliwe Jumamosi

Jumapili moja mke wangu aliketi jikoni akakataa kutoka nasi. Alikuwa amechoka kupika peke yake huku mimi nikiuliza chai iko wapi. Tangu siku hiyo tunaandaa staftahi jioni, sisi wawili.

Huko Marekani, familia za wawindaji hulaza usiku mkate, mayai na soseji za kulungu, kisha huoka asubuhi. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, basi tumieni soseji za ng'ombe.

Jumamosi jioni mmoja apange slesi 8 za mkate wa jana katika trei iliyopakwa siagi. Mwingine akaange soseji nusu kilo mpaka ziive kabisa, azikate, azipoze, azitandaze juu ya mkate. Pigeni mayai 6 pamoja na vikombe 2 vya maziwa na chumvi kidogo, mmwagie. Funikeni, mweke ndani ya friji. Usiku kucha mkate hunywa maziwa na mayai, ndiyo maana chakula hutoka laini.

Asubuhi okeni kwa nyuzijoto 180, kama dakika 50, mpaka kisu mkichoma katikati kitoke safi. Asiye na friji akate mkate tu jioni, mengine afanye alfajiri, maana chakula hiki kikilala nje huharibika.

Swali la kujadili usiku huu: ni kazi gani ya asubuhi ambayo mwenzangu huifanya peke yake?