Kubadilisha Ratiba ya Mbio kwa Akili Bandia

Ratiba yangu ya mbio imo kwenye programu ya simu ya kaka, na akili bandia huibadilisha nikiiagiza. Somo hili nimelipata kwa goti langu.

Jumanne moja mvua ya masika ilininyima mbio za mita 400 mara 8. Nikaandika tu, "Zihamishe." Ikazitia Jumatano, ilhali Alhamisi palikuwa na kilomita 10 za kasi. Nami, bila kuisoma, nikakimbia zote. Goti likavimba, nikakosa mchujo wa shule!

Basi agizo litaje siku, umbali na sababu: "Mvua ilinizuia. Hamisha mita 400 mara 8 za Jumanne hadi Jumamosi, Ijumaa iwe mapumziko, mengine usiyaguse." Iambie ikuonyeshe wiki nzima kabla ya kuhifadhi. Wala jua la Likoni hailijui, kwa hivyo itajie saa unayokimbia. Mimi ni saa kumi na mbili asubuhi.

Eliud Kipchoge, aliyekimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka wa 2019, huandika mazoezi yake daftarini. Nami sasa nanakili ratiba daftarini, mwalimu wa michezo anaikagua. Juzi alikata kilomita mbili.