Kidole Gumba cha Laetoli

Wenzangu wa elimu, si mnaijua ile picha ya ubaoni: sokwe kainama, anayemfuata kanyooka kidogo, mpaka wa tano kashika mkuki? Niliichora nikiwa fildi Karatu, kipindi cha Historia, Kidato cha Kwanza. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama tulikuwa nyani, mbona wale wa pale geti la Ngorongoro bado ni nyani?" Darasa likacheka. Nikasema tutalijibu kipindi kijacho. Ukweli, sikuwa na jibu.

Wiki mbili baadaye tukawapeleka makumbusho ya Olduvai. Pale ipo nakala ya nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa na kikundi cha Mary Leakey mwaka 1978. Zenyewe zimefukiwa tena kulekule zisiharibike. Zilikanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka takriban milioni 3.6 iliyopita. Nikawaambia wasisome maelezo kwanza, watazame kidole gumba kiko wapi. Walibishana weee! Mmoja akavua kiatu autazame mguu wake. Kidole kimelala sambamba na vingine kama chetu, hakikuchomoza pembeni kama cha sokwe. Kumbe hao walitembea wima, na zamadamu ambaye wataalamu wengi wanamhusisha na nyayo hizo, Australopithecus afarensis, alikuwa na ubongo wa karibu theluthi moja ya wetu. Miguu ilitangulia, kichwa kikaja baadaye sana. Picha yangu ilikuwa imevikuza vyote kwa pamoja.

Halafu kuna Zinjanthropus, ambaye fuvu lake lilipatikana Olduvai mwaka 1959. Ana magego makubwa ajabu, na juu ya kichwa ukingo wa mfupa ulioshika misuli ya kutafunia. Aliishi miaka kama milioni 1.75 iliyopita, zama moja na Homo habilis, bonde hilohilo. Ukoo wake ukakatika. Kwetu ni kama baba mdogo aliyekufa bila mtoto. Hapo ndipo nikamgeukia yule msichana: foleni haipo, kuna mti wenye matawi. Nyani wa getini ana tawi lake, sisi letu. Babu tuliyechangia naye alishatoweka zamani.

Akaniuliza taratibu, "Na kanisani nikaseme nini?" Nikamwambia aseme alichokiona kwa macho yake. Sijui kama nilijibu vizuri.

Ninachojua ni kwamba waliokimbilia kunakili maandishi ya ukutani walirudi na madaftari yamejaa miaka na majina ya Kilatini, na kwenye basi hawakuwa na la kubishania. Ningekuwa mpanga maonyesho, kibao cha kwanza kingekuwa swali, tena kwa Kiswahili, na jibu ningeliweka hatua kumi mbele.

Fildi ijayo ile picha sichori. Nitatafuta beseni la mchanga mbichi, wakanyage kwanza, ndipo tupande basi.