"Ukinzani" na omu 100 za bobini

Wenzangu wa isimu watauliza bobini inatafuta nini katika jarida letu. Inatafuta neno.

Rafiki yangu wa uhandisi aliiga kwa kompyuta bobini (koili, wasemavyo majirani zetu wa mashariki) ya mashine ya IRM ya tesla 1,5, inayofanya kazi karibu na megahezi 64. Ni pete moja ya waya wa shaba: kipenyo chake sentimita 10, unene wa waya milimita 2. Kwa hesabu ya shuleni, waya huo una omu 0,0017. Programu ikampa 100. Akataka kuifuta kazi yote. Nilipoisoma rasimu yake ya Kiswahili, rezistansi na impedansi zote mbili zilikuwa zimeitwa "ukinzani".

Napendekeza tuzitenganishe. Ukinzani ubaki kwa kile kinachogeuza umeme kuwa joto. Reaktansi ni kizuizi cha bobini inayoweka nishati katika uga wa sumaku kisha kuirudisha. Impedansi ni hivyo viwili pamoja, lakini huandikwa kila kimoja kando. Havijumlishwi kama francs sokoni.

Tukasoma upya. Zile omu 100 karibu zote ni reaktansi. Ukinzani ni kama omu 0,1 tu, nao umeipita hesabu ya shuleni kwa sababu kwenye megahezi 64 mkondo hupita katika ngozi ya shaba, kina cha mikrometa 8 hivi. Bobini ilikuwa nzima, ila haikuwa na kapasita. Moja ya pikofaradi 25 hivi, ikiunganishwa mfululizo, huifuta reaktansi hiyo. Kuifikisha kwenye omu 50 za kebo ni kazi nyingine.

Alama nayo ina maana. Reaktansi ikiwa hasi, bobini inatenda kama kapasita: pengine frikwensi imevuka rezonansi yake yenyewe. Ukinzani ukiwa hasi, usitafute tafsiri, maana pete ya shaba haizalishi nishati. Kagua mahali mawimbi yanapoingizwa, kisha punguza matundu ya wavu wa hesabu na urudie. Namba ikiendelea kuhama, bado huna jibu.

Neno "reaktansi" lenyewe silipendi, ila badala yake litafutwe pamoja na wahandisi, kwani ndio watakaolitamka kila siku.