Siku tisa kwa Mtakatifu Yosefu: mwongozo kwa wanaowaongoza wanafunzi

Novena ya Mtakatifu Yosefu huanza tarehe 10 Machi na kumalizika tarehe 18, mkesha wa sherehe yake. Kwa mwalimu wa dini, katekista au mlezi wa Utoto Mtakatifu, hii ndiyo novena iliyo rahisi kuipangia shuleni, maana haitoki nje ya Kwaresima hata mwaka mmoja. Jumatano ya Majivu ikichelewa kabisa huangukia tarehe 10 Machi hiyohiyo, na Pasaka ikiwahi kabisa huwa tarehe 22 Machi. Siku hizo kwa kawaida shule ziko wazi, watoto wanakutana kila asubuhi bila kuitwa, na kazi ya kuwakusanya imeshafanywa na kengele.

Kinachotushinda ni urefu. Tunachukua kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya wanajumuiya, chenye sala ya kurasa mbili, litania na rozari nzima, tunamwekea mbele mtoto wa darasa la tatu ambaye tangu uji wa saa nne hajatia kitu tumboni. Siku ya kwanza wanajaa. Siku ya nne wamebaki viranja na wale ambao mama zao wako kwaya. Watoto hao hawajapungukiwa imani, wamechoshwa. Mimi naamini, na ningependa kila mlezi aliamini hili, kwamba kipimo cha novena ya watoto ni kimoja tu: je, mtoto amerudi kesho yake kwa hiari? Mengine yote yapangwe kwa kufuata hilo.

Wala si jambo jipya. Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alipoanzisha Utoto Mtakatifu mwaka 1843, aliwaomba watoto Salamu Maria moja kwa siku na sarafu moja kwa mwezi. Hayo tu. Leo vikundi vya shirika hilo viko katika parokia zetu nyingi, na mwanzo wake ulikuwa udogo huo.

Wakiuliza kwa nini siku tisa, wasomee sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume. Baada ya Yesu kupaa mbinguni, mitume walikaa pamoja na Maria wakisali, wakingoja Roho Mtakatifu hadi Pentekoste. Mtoto anajua kungoja ni nini, kwa hiyo usitumie muda mrefu hapo.

Tumia muda kwenye kalenda. Chukua mwaka 2027: Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari, Pasaka ni 28 Machi. Siku ya kwanza ya novena ni Jumatano, na kwa hesabu za mwezi Idd el-Fitr inatarajiwa siku hiyohiyo au jirani yake. Shule zitafungwa. Basi siku ya kwanza ianzie nyumbani, na barua kwa wazazi itoke wiki moja kabla. Barua iseme mambo manne kwa lugha nyepesi: novena ni nini, itachukua dakika kumi, itafanyika saa ngapi, na kwamba mtoto anaruhusiwa kutohudhuria. Ambatanisha kikaratasi chenye sala ya siku zile ambazo shule haipo, yaani sikukuu, Jumamosi na Jumapili. Familia nyingi hufurahi kupewa kitu kifupi cha kusali na watoto kabla ya kula chakula cha jioni, na bibi ndiye mara nyingi anayekuwa mlinzi mkali wa ratiba kuliko wewe.

Kama shule si ya Kanisa, zungumza kwanza na mkuu wa shule, uombe chumba au kivuli na muda ambao hauli kipindi cha mtu. Ndani ya darasa moja kuna Wakatoliki, Walutheri, Wasabato, Waislamu. Mtoto asiye Mkatoliki asibebwe na mkumbo, na rafiki yake asitumwe kumvuta. Akija mwenyewe kwa kupenda, akae, asikilize, na mzazi wake ajulishwe.

Sasa dakika kumi zenyewe. Muda mzuri ni baada ya vipindi, kabla hawajachukua mabegi yao haraka kuelekea nyumbani, au wakati wa mapumziko ikiwa wengi wanakaa mbali. Machi ni masika, kwa hiyo mwembe wa uwanjani usiwe mpango wako pekee. Wawepo watu wazima wawili, mlango uwe wazi, na kila mtoto awe nyumbani kabla ya magharibi. Hilo la watu wazima wawili lisilegezwe hata mmoja anapougua: mwombe mwalimu mwingine akae nyuma asahihishe madaftari yake.

Weka picha ya Mtakatifu Yosefu juu ya meza. Mshumaa ukiwepo, uwashwe na mtu mzima na usimame kwenye sahani yenye mchanga. Ishara ya msalaba, kisha unasimulia habari ya siku kwa dakika mbili au tatu, kwa mdomo, ukiwatazama machoni. Halafu kimya. Hapa usikimbie. Injili zote nne hazina hata neno moja lililotamkwa na Yosefu. Anaota, anaamka, anafanya. Waambie watoto hivyo, kisha waambie kwamba leo tutakaa kama Yosefu. Hesabu kimoyomoyo hadi thelathini. Siku ya kwanza utasikia viti vikilia, mmoja atacheka, mwingine atamfinya jirani. Usikemee. Kufikia siku ya tano watoto haohao watakuwa wanamkanyagia breki yule anayeongea, na kimya hicho ndicho watakachokikumbuka.

Baada ya kimya, sala fupi ambayo wote wanaiweza kwa moyo. Unaweza kutumia hii, au utunge yako pamoja nao: “Mtakatifu Yosefu, ulimshika Yesu mkono alipokuwa mdogo. Tushike na sisi, njiani, darasani na nyumbani. Tufundishe kufanya kazi yetu vizuri na kumsikiliza Mungu. Amina.” Iandike kwa herufi kubwa kwenye manila. Kisha Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe Baba, ubeti mmoja wa wimbo, basi. Kila siku aongoze mtoto mwingine, na usiwapange wasomaji hodari tu. Mtoto mwenye kigugumizi akiomba kuongoza, mpe, na muwe na subira.

Habari za siku tisa usizitafute mbali. Sura mbili za kwanza za Mathayo na mbili za kwanza za Luka zinatosha: ndoto ya kwanza ya Yosefu, safari ya Bethlehemu, wachungaji, kutolewa hekaluni, kukimbilia Misri, kurudi Nazareti, kupotea kwa Yesu akiwa na miaka kumi na miwili. Siku ya nane iwe ya kazi, maana Mathayo sura ya 13 inamwita Yesu mwana wa seremala. Ukiweza kumleta fundi wa mtaani na randa yake, apitishe mara mbili tu kwenye ubao na watoto waguse ulivyolainika, umemaliza mahubiri. Siku ya tisa ombeeni wanaokufa na waliofiwa, kwa kuwa Kanisa linamwomba Yosefu kama msimamizi wa kifo chema. Watoto hawaogopi habari hiyo kama tunavyodhani. Wengi wamesimama makaburini.

Habari mbili zinahitaji uangalifu zaidi. Ya kwanza ni ya hekaluni. Luka anataja sadaka ya hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na kitabu cha Walawi kinaeleza kwamba hiyo ndiyo sadaka ya mama asiye na uwezo wa kutoa mwanakondoo. Mtoto ambaye viatu vyake vimetoboka anapaswa kusikia kwamba familia ya Yesu ilitoa kidogo, hadharani, na hawakuona haya. Kwa sababu hiyohiyo usichangishe fedha katika siku hizi tisa kwa namna ambayo darasa litaona nani ametoa na nani hana.

Ya pili ni ya Misri. Yosefu aliamshwa usiku, akamchukua mtoto na mama yake, wakavuka mpaka kumkimbia mtawala aliyetaka kuua. Mkoani Kigoma, kambi ya Nyarugusu imekuwa ikipokea Wakongomani tangu 1996, na Warundi baadaye. Kuna watoto wa umri huu ambao safari ya Yosefu wameifanya kwa miguu yao, na wengine wanasoma katika shule za miji yetu bila kumwambia mtu. Simulia habari yote pamoja na ndoto inayowarudisha nyumbani, kisha nyamaza. Usimwombe mtoto yeyote asimulie ya kwake. Akitaka mwenyewe, atakufuata.

Kuna jambo lingine katika Yosefu linalowagusa watoto wengi wa kwetu. Kanisa linamwita baba mlishi wa Yesu. Darasani kwako wapo wanaolelewa na bibi, na mjomba, na baba wa kambo, na dada aliyeacha shule. Usiseme “kila mmoja amshukuru baba yake” kana kwamba wote wanaye. Sema “anayekulea”.

Tunafika kwenye nia. Papa Fransisko aliziambia familia mjini Manila, Januari 2015, kwamba mezani kwake ana sanamu ya Mtakatifu Yosefu akiwa amelala, na akipata shida huiandika kwenye karatasi na kuiweka chini ya sanamu hiyo. Watoto wakisikia hilo wanalipenda mara moja. Chukua boksi la viatu, wabandikie picha ya Yosefu aliyelala waliyoichora wenyewe, na kila mmoja atumbukize kikaratasi siku anayotaka. Asiyejua kuandika achore.

Lakini kabla hawajaandika, waambie ukweli: nitasoma mimi, sitasoma mbele ya watu, na nikiona mtu anaumizwa nitatafuta msaada. Usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Karatasi nyingi zitakuwa za mtihani, mpira, na mama aliye hospitalini. Ila utakuja kukutana na moja iliyoandikwa kwa penseli iliyobanwa sana, inayoomba mtu fulani aache kuingia chumbani usiku, au aache kupiga. Hiyo haiishii kwenye sala. Usimhoji mtoto mbele ya wenzake, usimpigie mtuhumiwa simu, usimalize mambo kwa kikao cha ukoo. Mwone mwalimu mlezi na afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto inayotumika Tanzania na Kenya pia. Yosefu alipoonywa kwamba mtoto yuko hatarini hakungoja asubuhi.

Kuhusu kufunga, sheria ya Kanisa iko wazi: kujinyima nyama kunamhusu aliyetimiza miaka kumi na minne, na mfungo wenyewe unaanzia kumi na minane. Mwanafunzi wa shule ya msingi asinyimwe uji wala asisifiwe kwa kuuacha, hasa pale ambapo uji huo ndio mlo wake wa maana. Kanuni hiyohiyo inataka wadogo wafundishwe maana ya toba, na hapo ndipo tendo la siku linapoingia. Liwe moja, dogo, la kazi, kwa kuwa Yosefu ni mtu wa kazi: kuchota maji bila kutumwa, kushika namba ya mwenzake anayeumwa, kumrudishia mtu kalamu yake, kumsalimia yule msichana ambaye kundi limemtenga. Kesho yake usiulize “nani amefanya?” huku mikono ikinyooshwa. Watadanganya ili wakupendeze, na utakuwa umewafundisha hivyo wewe.

Jambo moja nalipinga kwa nguvu zote: kuwaahidi watoto kwamba wakimaliza siku tisa bila kukosa, watapata walichoomba. Mtoto atakayeomba mama apone, na mama asipone, atahesabu siku zake na kujilaumu kwa ile aliyoumwa malaria akabaki kitandani. Mwambie mapema kwamba aliyekosa siku anaendelea pale walipo wenzake na sala yake haijaharibika. Ujumbe unaozunguka kwenye simu ukitaka novena isambazwe kwa watu kadhaa la sivyo mkosi utampata mtu, ufutwe. Hata darasa la saba wanaoombea mtihani waambiwe kwamba Yosefu anawasaidia kufanya kazi vizuri, na kazi hiyo inabaki kuwa yao.

Sherehe yenyewe, tarehe 19, iwe na sura tofauti. Kama inawezekana wapelekwe Misa. Waoneshe padre akiwa na mavazi meupe katikati ya zambarau, na wimbo wa Utukufu ukiimbwa siku hiyo huku Aleluya ikiendelea kungoja Pasaka. Wachunguzi wadogo hupenda kukamata tofauti hizo. Tarehe 19 ikiangukia Jumapili ya Kwaresima, sherehe huhamia Jumatatu, kama ilivyokuwa 2023. Mwaka 2027 itakuwa Ijumaa, na kwa kuwa ni sherehe, katazo la nyama halipo. Shule yenye uwezo ipike pilau bila wasiwasi.

Wapo watakaouliza lini tena. Mei Mosi ni kumbukumbu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, iliyowekwa na Papa Pius XII mwaka 1955. Novena yake huanza tarehe 22 Aprili, na manila yako bado ina sala ileile.