Ngazi au Ubao wa Mshazari? Somo la Kazi na Kani

Ndandalo ni kata ya Wilaya ya Kyela, katika nchi tambarare iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mvua za huko ni nyingi mno. Wakati wa masika maji hutuama uani, na mito kama Kiwira na Mbaka huweza kufurika. Katika mazingira hayo yafaa kitanda cha mbwa mlinzi kiinuliwe juu ya ardhi ili kiwe kikavu. Hapo huzuka swali: mbwa mzee, ambaye viungo vyake vimekakamaa, atengenezewe ngazi au ubao uliolazwa mshazari? Fizikia ya shule ya sekondari yatosha kulijibu.

Kazi ni ile ile

Tuseme tungamo ya mbwa ni kilo 20, na kitanda kimeinuliwa sentimita 60. Kila kilo huvutwa na dunia kwa kani ya nyutoni 10 hivi. Basi uzito wa mbwa ni nyutoni 200. Kazi ya kuuinua mwili wake ni:

nyutoni 200 × mita 0.6 = jouli 120

Apande ngazi, apande ubao au aruke, jouli hizo 120 hazipungui. Kinachobadilika ni kani.

Kani hubadilika

Ngazi yenye vidato vinne vya sentimita 15 huigawa kazi hiyo katika mafungu manne ya jouli 30. Hata hivyo, katika kila kidato mguu hauna budi kukunjwa na kuusukuma mwili juu. Katika ubao wenye urefu wa mita 2.4, kani inayohitajika, bila kuhesabu msuguano, ni:

jouli 120 ÷ mita 2.4 = nyutoni 50

Hiyo ni robo tu ya uzito wa mbwa. Ubao ukifupishwa kuwa mita 1.2, kani huongezeka kufikia nyutoni 100.

Kushuka kuna hatari zaidi. Mbwa akijiangusha kutoka kitandani, na miguu ikausimamisha mwili katika umbali wa sentimita 10, kani ya wastani ni:

(200 × 0.7) ÷ 0.1 = nyutoni 1,400

Hiyo ni mara 7 ya uzito wake, nayo huipata kwanza miguu ya mbele, ambayo hata mbwa akiwa amesimama hubeba asilimia 60 hivi ya uzito.

Msuguano

Adui wa ubao ni utelezi. Ubao wa mita 2.4 huinama kwa pembe ya digrii 14.5 hivi, ili mbwa asiteleze, kani ya msuguano haina budi kufikia 0.26 ya kani inayougandamiza ubao. Kwa ubao wa mita 1.2 pembe ni digrii 30, na uwiano huo hupanda kuwa 0.58. Ubao uliolowa hutoa msuguano mdogo. Kwa hiyo upigiliwe vibao vyembamba vya kukingama, au ufunikwe kwa gunia lililokazwa vizuri.

Uchaguzi

Mbwa mzee au mwenye maumivu ya mgongo afaa ubao mrefu usioteleza. Penye nafasi finyu, ubao mfupi huwa mkali mno. Hapo ngazi yenye vidato vifupi na vipana ni bora. Lakini kabla ya yote upimwe urefu wa kitanda. Kikishushwa hadi sentimita 30, kama maji hayafiki hapo, kazi hupungua kuwa jouli 60, na ubao wa mita 1.2 hudai nyutoni 50 tu. Kimo pekee ndicho kipunguzacho kazi.

Jaribio

Funga tofali kwa kamba, livute polepole juu ya ubao kwa mizani ya springi, na uandike kani. Rudia kwa pembe tatu tofauti, kwanza ubao ukiwa mkavu, kisha ukiwa umelowa.

Maswali

1. Kwa nini kani iliyopimwa huzidi ile iliyokokotolewa?
2. Mbuzi mwenye kilo 30 hupanda banda lililoinuliwa mita 1. Ubao uwe na urefu gani ili kani, bila msuguano, isizidi nyutoni 75?