KUFUNDISHA MTETEMO: KUTOKA CHUNGU HADI MRIJA WA KABONI

Mwalimu wa Sayansi hulazimika kueleza vitu visivyoonekana kwa macho. Hatari yake ni kwamba wanafunzi huyakariri maneno kwa kuwa tu mwalimu ameyasema. Katika makala haya twapendekeza somo la Darasa la Sita linalomwonyesha mtoto jinsi vitu hivyo vinavyotambuliwa. Mfano wetu ni mirija ya kaboni.

Mirija hiyo, ambayo Mjapani Sumio Iijima aliieleza mwaka 1991, imeundwa kwa kaboni, elementi iliyo pia katika mkaa na ncha ya penseli. Mrija wenye ukuta mmoja huweza kuwa na upana wa nanometa 1 tu, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita.

Hatua ya kwanza. Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, karibu na Matema, wanasifika kwa ufinyanzi. Mnunuzi mwangalifu wa chungu hakitazami tu, bali hukigonga. Mwalimu agonge vyungu viwili, kimoja kizima na kingine chenye ufa. Wanafunzi wafumbe macho, kisha waseme kipi ni kizima.

Hatua ya pili. Mwalimu agonge sufuria mbili za aina moja, kubwa na ndogo, akiwa amezijaribu kabla ya kipindi. Ndogo hutoa sauti nyembamba zaidi, kwa sababu hutetemeka upesi zaidi. Wanafunzi waulizwe sababu kabla ya kuelezwa.

Hatua ya tatu. Sasa mwalimu aeleze ugunduzi wa C. V. Raman, uliofanyika Calcutta, India, mwaka 1928 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Nuru ya leza ikiupiga mrija, karibu yote inayotawanyika hubaki na rangi ileile. Sehemu ndogo mno hubadilika rangi kidogo, kwa kuwa imeacha nguvu fulani katika mtetemo wa kaboni. Badiliko hilo hupimwa kwa idadi ya mawimbi katika sentimita moja.

Mrija hupanuka na kunywea kama kifua cha mtu apumuaye. Wenye upana wa nanometa 1 huonyesha alama karibu na 248. Wa nanometa 2, karibu na 124. Basi 248 ikigawanywa kwa alama, upana hupatikana kwa makadirio. Alama nyingine, karibu na 1350, ikiwa kubwa huashiria kasoro, mithili ya ufa wa chungu.

Angalizo. Mfano huu una mpaka wake. Sauti ya chungu twaisikia kwa masikio. Mtetemo wa mrija husomwa na chombo katika rangi ya nuru. Jambo hili lisiposemwa, mtoto atadhani kaboni hulia.

Zoezi. Mrija wenye ukuta mmoja umeonyesha alama ya 155. Upana wake ni nanometa ngapi? Jibu ni 1.6. Lakini mwanafunzi asipewe alama zote kwa jibu hilo pekee; aeleze pia amejuaje upana wa kitu asichokiona.